Mfumo endeshi na aina za programu: maelezo kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na kuendelea, na wazazi wanaowalipia mafundi

Baada ya kipindi cha jioni tulipokea ujumbe wa mama mmoja wa Maramba, wilayani Mkinga. Mtoto wake yuko kidato cha tatu na anasoma somo la kompyuta. Mjomba wake kamletea kompyuta mpakato ya mtumba. Ikawaka siku chache, kisha ikaanza kuishia kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe. Fundi akaiangalia akasema inabidi "ipigwe Windows", na akataja bei. Mama akauliza: "Mtangazaji, hiyo Windows ni kitu gani, na kwa nini inunuliwe tena wakati mashine ninayo mkononi, nzima, haijavunjika hata kifuniko?"

Hewani nilimjibu kwa dakika mbili, na dakika mbili hazikutosha. Halafu wanafunzi nao wakaanza kutuma ujumbe wakiomba tuandike, kwa sababu mada hiyo ndiyo inayowasumbua darasani: mfumo endeshi, na makundi ya programu. Wengi wanaikariri kutoka ubaoni bila kugusa mashine. Basi haya hapa, kwa utulivu, na unaweza kuyasoma kwenye simu yako hiyo hiyo.

Mashine na maagizo

Kompyuta ina sehemu mbili. Kuna vitu vya kushika: kioo, kibodi, betri, waya, na vile vidude vilivyobandikwa kwenye ubao wa kijani ndani yake. Hivyo huitwa maunzi. Na kuna maagizo yanayoviambia vitu hivyo vifanye nini, hatua kwa hatua. Maagizo hayo ndiyo programu. Programu haishikiki. Ukifungua kompyuta kwa bisibisi hutaiona, kama ambavyo ukipasua kaseti ya taarabu huwezi kuuona wimbo.

Kwa hiyo mama yetu alikuwa sahihi: mashine yake ilikuwa nzima. Na fundi naye hakudanganya. Maunzi yalikuwepo, ila programu ile moja ambayo zote nyingine huisimamia mgongoni ilikuwa imeharibika. Programu hiyo ndiyo mfumo endeshi. Darasani utaisikia ikiitwa opereting sistimu. Windows ni mfano mmoja tu wa mfumo endeshi. Mingine ni Linux, macOS ya kompyuta za Apple, Android iliyo kwenye simu janja nyingi za huku kwetu, na iOS ya iPhone. Hata zile simu za Smart Kitochi zilizoingia sokoni nchini mwaka 2019, zenye vitufe lakini zilizokuwa zikifungua WhatsApp, zina mfumo wake uitwao KaiOS.

Mfumo endeshi hufanya kazi gani

Waliowahi kusimama pale bandarini Tanga watanielewa haraka. Meli ikifika haijipangii gati. Nahodha hashuki akachukua kreni akaanza kupakua, wala hachagui ghala la kuweka shehena yake. Kuna mamlaka inayosema: wewe funga hapa, wewe subiri nje, kreni hii itamaliza kwa huyu kwanza, mzigo wako uende ghala lile na uandikwe kwenye daftari. Bila mamlaka hiyo, meli mbili zingegombea gati moja na sukari ya mtu ingeishia kwenye saruji ya mwingine.

Programu unazozitumia ndizo meli. Mfumo endeshi ndio mamlaka ya bandari. Unaposikiliza redio kwenye simu huku unaandika ujumbe, programu mbili zinataka kichakato (ule ubongo wa simu), zinataka kumbukumbu, zinataka kioo, na moja inataka spika. Hakuna hata moja inayoruhusiwa kujichukulia. Kila moja huomba, na mfumo endeshi hugawa: wewe vipande vya sekunde hivi, wewe vile. Mgawo huo hufanyika kwa kasi kiasi kwamba unaona vyote viwili vinakwenda kwa pamoja.

Mfano wa bandari una mwisho wake. Meli haziibi mizigo ya meli jirani, lakini programu mbaya hujaribu kufanya hivyo kila siku. Kwa hiyo mfumo endeshi ni mlinzi pia, na hilo nitalirudia chini kwa sababu lina hasara ya pesa ndani yake.

Kazi nyingine ni kutunza mafaili: kujua picha ya harusi iko wapi, ina jina gani, nani aruhusiwe kuifungua. Kuna kuzungumza na vifaa vya nje kama printa na flashi. Na kuna kumpa mtumiaji sura ya kutumia. Mashine za zamani, na seva nyingi hadi leo, zina sura ya kuandika amri kwa maneno. Nyingine zina sura ya picha na alama unazozigusa au kuzibofya. Mwanafunzi akiulizwa kazi za mfumo endeshi aanze na hizi: kusimamia kichakato, kusimamia kumbukumbu, kusimamia mafaili, kusimamia vifaa, ulinzi, na kumpa mtumiaji sura ya mawasiliano.

Gati na ghala

Hapa niseme zaidi kidogo, kwa kuwa kila wiki mtu huniambia "simu imejaa" akimaanisha mambo mawili tofauti.

Kumbukumbu ya kazi, ile inayoandikwa RAM kwenye boksi la simu, ni gati. Ni sehemu ya programu zinazofanya kazi sasa hivi. Ni ndogo, ni ya haraka, na ukizima simu huwa tupu. Hifadhi, ile ya GB 32 au GB 64, ni ghala. Huko ndiko picha, nyimbo na programu zenyewe hulala hata simu ikizimwa.

Simu ikiwa nzito, ikiganda unapohama kutoka WhatsApp kwenda kwenye kamera, mara nyingi gati ndilo limejaa. Kufuta picha hakutasaidia sana. Simu ikikataa kupokea picha mpya au kusasisha programu, hapo ghala limejaa, na kuizima na kuiwasha hakutasaidia chochote. Google ilipoona simu za bei nafuu zina gati dogo mno ilitengeneza toleo jepesi la Android liitwalo Go, na ndilo utalikuta kwenye simu nyingi za bei ya chini.

Jambo la kujaribu leo: fungua Mipangilio, kisha Hifadhi. Utaona sehemu iliyoandikwa Mfumo. Usishangae kukuta imekula GB 8, 10 au zaidi kabla hujaweka hata picha moja. Hiyo ndiyo nafasi ya mfumo endeshi wenyewe, na ndiyo sababu simu ya GB 32 haikupi GB 32.

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha

Programu ya kwanza kuamka si Android wala Windows. Ni programu ndogo iliyowekwa na kiwanda ndani ya chombo chenyewe, ambayo hubaki humo hata umeme ukikatika. Kwenye kompyuta huitwa BIOS, au UEFI kwenye mashine za karibuni. Hukagua kama vifaa vipo: kumbukumbu ipo? kibodi ipo? diski ipo? Kisha huenda kwenye diski, huutafuta mfumo endeshi, huuamsha na kuukabidhi usukani. Ndiyo maana kwenye simu unaona kwanza nembo ya Tecno, itel au Samsung, halafu ndiyo sura yako uliyoizoea.

Kompyuta ya Maramba ilikuwa inafika hapo kwenye makabidhiano na kukosa wa kumkabidhi. Maandishi meupe kwenye kioo cheusi yalikuwa yakisema kwa Kiingereza kwamba mfumo endeshi haukupatikana. Mashine ilikuwa inaeleza ugonjwa wake vizuri kabisa. Mwanafunzi wa somo hili akizoea kusoma maandishi hayo badala ya kuogopa, tayari ameshakuwa nusu fundi.

Programu ndogo za kiwandani za namna hiyo zipo nyumbani kwako hata kama huna kompyuta. Mita ya LUKU inayotambua tarakimu 20 za umeme inayo. Kisimbuzi cha televisheni kinayo, na kile kinaposema kinajisasisha na kukuomba usikizime, kinaibadilisha hiyo.

Makundi ya programu

Vitabu vya kidato vinagawa programu katika makundi makubwa mawili, na mgawo huo una maana.

La kwanza ni programu za mfumo. Hizi huihudumia mashine yenyewe. Mfumo endeshi ndio mkubwa wao. Wapo pia viendeshi vya vifaa, ambavyo mafundi huviita draiva. Draiva ni mkalimani kati ya mfumo endeshi na kifaa kimoja maalumu. Ukienda kwenye steshenari ukakuta printa mpya imeunganishwa kila waya lakini haitoi hata karatasi moja, mara nyingi mkalimani hayupo: kompyuta haijui lugha ya printa ile. Kisha zipo programu za huduma: za kukinga virusi, kubana mafaili yawe madogo, kutengeneza nakala za akiba, kusafisha diski. Na zipo programu za kutafsiri lugha za uandishi wa programu kwenda kwenye namba ambazo kichakato kinazielewa. Watu wa kidato cha tano na sita watakutana nazo zaidi. Wa kidato cha tatu wajue tu kwamba zipo na zimo katika kundi hili.

La pili ni programu tumizi. Hizi zinamhudumia mtu. Za matumizi ya jumla ni kama Microsoft Word ya kuandikia barua, Excel ya mahesabu ya jedwali, Access ya kanzidata, PowerPoint ya mawasilisho, vivinjari kama Chrome na Firefox, na WhatsApp. Nyingine zimeshonwa kwa kazi moja au taasisi moja, kama suti kwa fundi cherehani. Tanzania tunazo nyingi za aina hiyo. GoT-HoMIS, ile anayoitumia mhudumu wa hospitali ya serikali akikuandikisha, ni mfano mzuri. PReM ya Baraza la Mitihani, inayotunza kumbukumbu za wanafunzi, ni mwingine. Hata programu tunayoitumia studio kupanga nyimbo na matangazo ni ya kundi hili. Mwanafunzi akitoa mifano hii kwenye jibu lake, mwalimu atajua hakukariri.

Sasa makosa ninayoyasikia sana. Microsoft si mfumo endeshi, ni kampuni. Windows ndiyo mfumo endeshi wake, na Word ni programu tumizi yake. Google ni kampuni na pia ni mtambo wa kutafuta; kivinjari chake ni Chrome. Programu ya kuzuia virusi si mfumo endeshi ingawa hukaa macho muda wote. Na WhatsApp si intaneti, hata kama bando lako linakufanya uamini hivyo.

Na nyota mia na hamsini?

Swali hili lilitoka kwa kijana wa Pangani na lilinifurahisha: ukipiga *150*00# kwenye kiswaswadu chako na menyu ya M-Pesa ikatokea, programu hiyo iko kundi gani, na imekaa wapi?

Menyu ile haijawekwa kwenye simu yako. Unapopiga namba hiyo, simu hufungua mazungumzo mafupi na mtandao, na kila mstari unaouona umeandikwa na kompyuta za kampuni kisha ukatumwa kwako kama maandishi. Programu tumizi iko kwenye seva zao. Simu yako inatoa kioo na vitufe tu. Ndiyo maana inafanya kazi kwenye simu ya bei ndogo kabisa, haihitaji bando wala nafasi kwenye ghala, na ndiyo maana ukichelewa kujibu mazungumzo hukatika. Programu ya M-Pesa unayoipakua kwenye simu janja ni jambo tofauti: hiyo imekaa kwenye simu yako, inakula hifadhi, na inauomba mfumo endeshi ruhusa.

Hapo kwenye ruhusa ndipo watu walipoumia.

Mlangoni kuna mlinzi, na ufunguo unao wewe

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya biashara bila leseni. Wengi wa wasikilizaji wetu walizijua kabla ya benki kuzitaja. Unakopa kidogo, muda unapita, halafu shemeji yako, mwalimu wako wa madrasa na mwenyekiti wa kitongoji wote wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli wa mikopo. Watu wakawa wanauliza: walipataje namba zao?

Walizipata kwa sababu uliwapa. Siku ulipoiweka programu ile, Android ilisimama mlangoni ikauliza: ruhusu programu hii kufikia majina na namba zako? Chini yake kulikuwa na maneno mawili, Ruhusu na Kataa. Mkopo ulikuwa wa haraka, mtoto alikuwa anasubiri ada, ukagusa Ruhusu. Kuanzia dakika hiyo mlinzi alifungua mlango kwa amri yako, na daftari lako lote la majina likaweza kusomwa na kupelekwa kwenye kompyuta zao. Kuifuta programu baadaye hakurudishi kilichokwisha kuchukuliwa.

Naliweka hili kwenye somo la mfumo endeshi kwa makusudi. Kitabu kitaandika "ulinzi" kama kazi ya tano au ya sita, neno moja, na mwanafunzi atalikariri. Lakini ulinzi wenyewe ni lile swali la Ruhusu au Kataa. Programu ya tochi ina haja gani na majina yako? Programu ya kalenda ya Hijria ina haja gani na kipaza sauti? Kila ruhusa inaweza kuondolewa: Mipangilio, kisha Programu, chagua programu, kisha Ruhusa. Maneno yanatofautiana kidogo kati ya simu na simu, ila njia ni hiyo. Vijana, wakagulieni wazazi wenu simu jioni moja. Shikamoo kwanza, kisha ombeni simu.

Virusi vya flashi

Hiki kinahusu mabwalo ya shule zote ninazozijua kuanzia Muheza hadi Lushoto. Mwanafunzi anapeleka kazi yake steshenari kuchapa, anarudi shuleni, akiifungua flashi anakuta mafolda yamegeuka vialama vidogo vyenye mshale, na havifunguki. Anaambiwa kazi imefutika, flashi isafishwe yote ianze upya.

Subiri. Virusi vya aina hiyo kwa kawaida havifuti kitu. Vinauambia mfumo endeshi uyafiche mafolda yako, kisha vinaweka vialama vya uongo vyenye majina yale yale. Ukibofya kialama unaviwasha vyenyewe. Kazi bado imo. Usibofye. Kwenye Windows kuna mpangilio wa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, pamoja na yale ya mfumo. Ukiuwasha, mafolda ya kweli hutokea yakiwa na rangi hafifu. Nakili kazi yako kwenda kwenye kompyuta yenye programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa, na hapo ndipo flashi inaweza kusafishwa. Kwenye kompyuta ya Linux virusi hivyo havifanyi kazi kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya Windows, na mafolda utayaona kama kawaida.

Kompyuta na nchi hii

Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ya aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Mashine za zama zile zilifanya kazi kwa mafungu: kadi au kanda za kazi zinakusanywa, zinaingizwa, unakwenda zako, unarudi kuchukua majibu. Ukiona kitabu kinataja mifumo endeshi ya mafungu, wazo ni hilo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Kwa hiyo wazazi wetu wengi hawakuziona mashine hizi shuleni kwa sababu hazikuwepo, wala si kwa sababu hawakuwa na akili ya kuzielewa.

Kuna habari moja ninayoipenda zaidi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu zote kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuona maagizo yake ya ndani, kuyabadilisha na kugawa bila kulipa. Linux, iliyoanzishwa na kijana wa Kifini Linus Torvalds mwaka 1991, ni ya namna hiyo, na Android imejengwa juu ya kiini chake. Mwaka huo huo wa 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, Linux yenye jina ambalo Mtanzania hahitaji kamusi kulielewa: utu.

Programu ya bure si lazima iwe huria. WhatsApp hulipii, ila huruhusiwi kuona ndani yake. Na programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli na kugawiwa kwenye flashi ni ya wizi, hata kama fundi anaiita "ya bure".

Kwa walimu wasio na maabara

Shule nyingi za kata zina kompyuta tano au hazina kabisa. Nilipokuwa chuo cha utangazaji nilifundishwa kibodi iliyochorwa kwenye karatasi ya manila, kwa hiyo sisemi kutoka mbali. Jaribu hivi, mwalimu. Weka madawati matatu mbele: hilo ndilo gati, yaani kumbukumbu. Kabati la nyuma ni ghala. Mwanafunzi mmoja awe kichakato, na chaki iwe moja tu. Anayeishika ndiye anafanya kazi. Wanafunzi watano wawe programu, kila mmoja na hesabu yake ndefu ya kuandika ubaoni. Mmoja awe mfumo endeshi: yeye ndiye anayesema nani akae kwenye dawati, nani arudi kabatini, nani ampe kichakato kazi yake kwa hesabu ya kumi kisha akae. Baada ya dakika tano mwambie mfumo endeshi atoke nje ya darasa, uone kinachotokea. Wataelewa kufumba na kufumbua.

Mtihani utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo waelewe kwa Kiswahili kisha wajizoeze majina ya Kiingereza. Kinyume chake ndicho kinachozaa majibu ya kukariri.

Kuna jambo mfumo endeshi ulinifundisha mwenyewe. Kwenye kituo nilichoanzia kazi, kompyuta ya studio iliamua kujisasisha katikati ya matangazo ya vifo. Kioo kikageuka bluu, asilimia zikaanza kupanda polepole, na mimi kimya hewani. Programu yetu ya studio haikuwa na la kusema. Mkubwa alikuwa ameamua. Masasisho ni ya lazima, maana ndiyo yanayoziba matundu ya usalama, ila saa ya kuyafanya unaweza kuipanga kwenye mipangilio. Tangu siku hiyo huwa naipanga usiku wa manane.

Tukirudi Maramba

Mama, mjibu fundi hivi. Kwanza, kabla hajapiga chochote, atoe mafaili ya mtoto na kuyaweka kwenye flashi. Kupiga mfumo mpya mara nyingi hufuta diski, na mafundi wengi hawakuulizi. Diski inaweza kusomwa hata kama Windows imekufa.

Pili, muulize anaweka Windows namba ngapi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Matundu yanayogunduliwa baada ya hapo huachwa wazi. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwenda juu, hifadhi ya GB 64 kwenda juu, na chipu ya usalama ambayo mashine nyingi za mtumba hazina.

Tatu, kama mashine ni ya zamani, muulize kama anajua kuweka Linux nyepesi, kama Linux Mint au Lubuntu, pamoja na LibreOffice. Hizo hazina gharama ya leseni. Utamlipa muda wake tu. Lakini nikwambie ukweli: kama shule ya mtoto inafanya vitendo kwa Microsoft Word na Access, menyu za LibreOffice zitamchanganya kidogo, na kanzidata hasa itambidi aizoee kwenye kompyuta za shule.

Na nne, wakati fundi anafanya kazi, kijana akae pembeni yake aangalie. Amwombe amwonyeshe pale kwenye BIOS anapochagua mashine iwake kwa flashi au kwa diski, na pale kwenye orodha ya vifaa ambapo draiva isiyokuwepo huonekana na alama ya njano.